Zuhura ni pacha wa Dunia? Pacha gani huyu?

Kibatari
Jana mwanangu wa darasa la tano kaja na daftari limeandikwa "Zuhura ni pacha wa Dunia". Kwenye sayari hiyo joto ni nyuzi 465 hivi, madini ya risasi yanayeyuka. Hewa yake asilimia 96 ni kabonidioksidi, inakugandamiza mara 90 na ushei kuliko hapa. Mawingu ni asidi ya salfa, ile ya betri ya gari. Huyo akiwa pacha wetu, basi jiko la mkaa ni pacha wa kitanda. Walimu mliomo humu jiteteeni, maana wengi wenu mnakariri tu.

Mwl Mstaafu
Nimeshika chaki miaka 31. "Mnakariri tu" ndiyo lugha gani hiyo? Wewe umefika Zuhura?

Kibatari
Mwalimu, sikukutaja. Nimerusha jiwe gizani, nikasikia yowe.

Mwl Mstaafu
Upacha ni wa umbo, kijana. Kipenyo cha Zuhura ni kilomita 12,104, cha Dunia 12,742. Pacha mmoja akiwa mlevi na mwenzake shehe, bado walitoka tumbo moja.

Fundi Redio
Mnagombea kipenyo, utamu mnauacha. Wasovieti walituma vyombo visivyo na watu vikatua kule! Venera 7 mwaka 1970, halafu Venera 13 mwaka 1982 ikahimili dakika 127 kabla haijaiva. Picha zipo, mawe bapa ya rangi ya machungwa. Ile ya 14 sasa, kichekesho: kifuniko cha kamera kikadondokea palepale mkono wa kupima udongo ulipokuja kugusa. Wamesafiri miezi, wakapima kifuniko chao wenyewe.

Mpiga Mbizi
Mleta mada, joto lenyewe halitokani na kuwa karibu na jua. Zebaki iko karibu zaidi na haifikii joto hilo. Ni hiyo kabonidioksidi, imelifunika joto kama blanketi. Halafu sayari yenyewe inajizungusha kinyumenyume, siku 243 kwa mzunguko mmoja, wakati mwaka wake ni siku 225. Jua kule linachomoza magharibi. Kwao Kiyama kilishafika kitambo.

Abu Swafiya
Mpiga Mbizi, mambo ya Kiyama usiyafanyie mzaha. Zungumza sayansi yako uishie hapo.

Mpiga Mbizi
Samahani shehe wangu. Ila la magharibi sijalifuta.

Msomi wa Jioni
Mbona hamgusi fosfini? Mwaka 2020 Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walisema wameiona kwenye mawingu ya Zuhura. Hapa kwetu gesi hiyo inahusishwa na vijidudu vya mahali pasipo na oksijeni. Kwa hiyo uhai upo. Anayebisha hajasoma.

Fundi Redio
"Kwa hiyo uhai upo"! Umeruka ngazi nne, angalia usivunjike mguu. Wengine walizirudia hesabu wakasema huenda ni salfa dioksidi imewachanganya, na wenyewe waliotangaza wakashusha kiwango. Ninachokubali ni kwamba huko juu, kama kilomita 50 hivi, joto na mgandamizo vinakaribiana na vya hapa. Ila asidi iko palepale.

Msomi wa Jioni
Nani kakwambia sijui hayo? Umeyasoma leo asubuhi.

Zuhura B
Jamani, jina langu ni Zuhura, nimerithi kwa bibi. Tangu asubuhi mnaniita tanuri, asidi, kinyumenyume. Mume wangu kasoma huu uzi, anacheka peke yake jikoni.

Mlezi wa Lugha
Dada, wewe huna kosa. Kiswahili kina jina lake, Ng'andu. Zuhura ni Kiarabu.

Abu Swafiya
Kwa hiyo kila chenye asili ya Kiarabu tukitupe? Anza na "lugha" kwenye jina lako.

Mpiga Mbizi
😂😂 Limempata.

Mwl Mstaafu
Sisi tulifundisha Zebaki, Zuhura, Dunia, hadi Utaridi ya mwisho, ndiyo Pluto. Watoto walielewa.

Abu Swafiya
Mwalimu, hapo ndipo penye balaa. Utaridi kwa Kiarabu ndiyo hiyo mnayoiita Zebaki! Zebaki ni ile ya kwenye kipimajoto. Mtu kaona neno la Kiingereza, Mercury, lenye maana mbili, akachukua ya dukani akaibandika angani. Jina la angani likabaki bila kazi, likapelekwa Pluto.

Mwl Mstaafu
Mimi nilifuata kitabu. Kitabu sikukiandika mimi.

Kibatari
Ndicho nilichosema bandiko la kwanza! Kukariri!

Mwl Mstaafu
Rudi kwenye jiko lako la mkaa.

Nahodha Mdogo
Baba alikuwa mvuvi. Hakuna Zuhura wala Ng'andu aliyoitaja, kwake ilikuwa nyota ya alfajiri. Ikishatoka, tunasukuma ngalawa.

Mlezi wa Lugha
Na ya jioni je? Aliiita nani?

Nahodha Mdogo
Jioni alikuwa amelala.

Kibatari
Haya, mtihani ni Ijumaa. Mtoto aandike nini?

Mpiga Mbizi
Aandike pacha, apate maksi yake. Ugomvi tutaumaliza sisi.

Mlezi wa Lugha
Pacha wa Dunia ni Ng'andu.

Zuhura B
Mwacheni mtoto.