Fundi kapaka GRISI YA BAISKELI kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta yangu, kisha kaniuzia pawasaplai!

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nimejizuia wiki nzima nisiandike, leo nimeshindwa.

Nina kisteshenari changu Ngamiani, hapa Tanga. Kompyuta moja ya mezani ya mtumba, printa moja, basi. Mwezi jana feni ikaanza kelele, nikampelekea fundi aipulize vumbi. Elfu 25. Ikarudi inang'aa kwa nje kama bibi harusi. Kesho yake niko katikati ya kuchapa mitihani ya watu, ikazima. Nawasha, dakika kumi, imezima tena. Mwalimu kanisimamia kichwani, bajaji inamsubiri nje.

Kumrudia fundi, hata kuifungua hakuifungua: "Bosi, pawasaplai imekufa." Yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Nikatoa elfu 40. Ikazima vilevile. Safari ya pili: "Basi prosesa imechoka, bosi, vuta mashine nyingine." Na hiyo mashine nyingine anayo yeye!

Nikaingia bayosi mwenyewe, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Joto la prosesa nyuzi 96, na hapo haijafanya kazi yoyote. Nikang'oa hitisinki, lile dude la alumini lenye mapezi linalokaa chini ya feni. Wakuu, grisi. Ile ile ya gololi za baiskeli. Imeyeyuka, imetiririka hadi pembeni ya soketi, katikati pamebaki pakavu. Waja leo waondoka leo.

Nilipomuuliza akanijibu, "Si ya kulainisha tu ile?"

KULAINISHA NINI? Kuna kinachozunguka pale?

Sasa sikilizeni, hasa nyie mafundi. Mfuniko wa prosesa na kitako cha hitisinki ukivitazama ni laini, lakini vina mikwaruzo na vishimo visivyoonekana kwa jicho. Ukivibana pamoja vinagusana sehemu chache tu, kwingine kote inabaki hewa. Na hewa ni blanketi: inapitisha joto kwa kipimo cha 0.026 hivi, wakati alumini ni zaidi ya 200 na shaba karibu 400. Pesti, ile dawa nzito inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, kazi yake ni kuifukuza hiyo hewa na kukaa mahali pake. Pesti ya kawaida ina 4 hadi 8 hivi kwa kipimo hicho hicho. Ni ndogo mbele ya alumini, ndiyo maana inatakiwa iwe nyembamba kabisa. Wale mnaoipaka kama Blue Band kwenye mkate nanyi mnatuharibia, maana pesti nene inageuka kizuizi yenyewe. Na kila ukiing'oa hitisinki unafuta ya zamani na kuweka mpya. Ile iliyokauka ikawa kama chokaa hairudishwi.

Joto likikosa njia, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Likizidi, inazima kila kitu. Kwa hiyo mashine yangu haikuwa imechoka, ilikuwa inajiokoa.

Na msiniletee habari ya joto la Tanga. Ni kweli chumba kikiwa na nyuzi 33 hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya hapo, wenzetu wa Lushoto wana nafuu. Lakini kutoka 33 hadi 96 hilo si joto la Tanga, hilo ni la fundi.

Nimenunua pesti elfu 12, nikafuta ule uchafu kwa spiriti ya isopropili, nikaweka tone kama punje ya mbaazi, nikakaza skrubu kwa kupishanisha pembe. Nyuzi 44. Nikichapa inafika 60. Imekaa siku nne haijazima, feni kimya. Na pawasaplai ya zamani nimeirudishia, nzima kabisa, ndiyo ninayoandikia hapa.

Fundi, unajijua. Jumatatu saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwako na hiyo uliyoniuzia. Andaa elfu 40 yangu, na ile 25 ya grisi. Na usiniite bosi.