Kigoma: tutaupimaje mpango wa ruzuku kwa mtu asiye na kaya?

Mkazi wa Mwanga ameuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninajitolea katika timu inayoandaa tathmini ndogo ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule unaotoa ruzuku ya fedha na kusimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Sehemu niliyopewa mimi ni watu wasio na makazi: wanaolala kwenye baraza za maduka hapa Mwanga, wanaojibanza karibu na stesheni ya reli, na vijana wa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, wanaobeba mizigo mchana na kulala juu ya nyavu usiku. Nimekwama kwenye mstari wa kwanza wa dodoso, unaotaka jina la mkuu wa kaya na mtaa anaoishi. Orodha ya walengwa niliyoonyeshwa inaeleza vizuri nani amepokea ruzuku na mara ngapi, lakini haina hata mtu mmoja wa aina ninayoitafuta. Je, niandike kwamba mpango umeshindwa, au kwamba watu hawa haukuwahusu tangu mwanzo? Na nikitaka kupima kwa haki, nianzie wapi?

Mtakwimu Mstaafu, Tabora amejibu:

Majibu yote mawili ni ya haraka mno, ndugu yangu. Mpango huu, ulioanza 2012, hutambua walengwa kwa kaya: wananchi hukutana kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, huzitaja kaya wanazoona ndizo maskini zaidi, kisha kaya hizo hutembelewa kwa dodoso linalouliza, pamoja na mengine, nyumba imeezekwa kwa bati au nyasi. Anayelala stesheni hatajwi mkutanini kwa sababu hana jirani wa kumtaja, na hata akitajwa, swali la paa halina jibu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ruzuku imemsaidia kiasi gani, uliza alipotelea hatua ipi: kutajwa, kuhakikiwa, kukosa kitambulisho, au malipo yenyewe. Kila utakayezungumza naye, andika pale alipokwamia. Hayo tu yatakupa ripoti yenye manufaa kuliko kurasa kumi za asilimia.

Utahitaji pia kujua wako wangapi. Sensa ya 2022 iliwahesabu hata waliolala nje usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, lakini usiku mmoja hauwezi kuwaonyesha wanaohamahama. Ukiwa na watu wachache unaweza kuhesabu mara mbili, wiki moja ikipita kati, ukiandika alama zinazokusaidia kumtambua mtu bila kuhitaji jina lake kamili. Chukua mfano wa kubuni: usiku wa kwanza umewaona 60, usiku wa pili 50, na kati ya hao 50 kuna 30 uliokwisha kuwaona. Zidisha 60 kwa 50, ugawe kwa 30, upate makadirio ya watu 100, yaani kuna takribani 20 ambao hukuwaona usiku wowote. Hesabu hii huharibika iwapo kundi linaingia na kutoka sana mjini, na nadhani Kibirizi ndiko itakakokusumbua.

Sasa kipimo chenyewe. Ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili, ilhali wenye nyumba wengi katika miji yetu hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mtu anaweza kupokea kila awamu bila kukosa na bado asipate chumba, na kitabu cha malipo kitamwonyesha kuwa amefikiwa. Kanada walifanya jaribio kubwa kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, likihusisha watu wapatao 2,000 wasio na makazi wenye matatizo ya afya ya akili. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa nyumba kwanza pamoja na msaada wa karibu, wengine wakaachwa na huduma zilizokuwepo. Hawakuishia kuuliza nani amepokea nini, bali walifuatilia kila mmoja alilala wapi, siku baada ya siku. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya kundi la kwanza walikuwa kwenye nyumba muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya kundi la pili. Fedha zao hatuna, lakini swali lao halina gharama.

Mtendaji wa Zamani, Ujiji amejibu:

Namheshimu mzee wa Tabora, ila ninaona anautwisha mpango mmoja mzigo wa serikali nzima. Jarife, wavu wa matundu makubwa wa kuvulia migebuka, halilaumiwi kwa kupitisha dagaa. TASAF yenyewe, ilipojaribu ruzuku yenye masharti, kama vile watoto kupelekwa shule na kliniki, kuanzia 2010 huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ilipimwa kwa kulinganisha vijiji 40 vilivyopata na 40 vilivyosubiri, na ikaonekana kwamba watoto walinufaika kiafya na kishule. Hicho ndicho kilichokusudiwa, na kilipimwa vizuri. Mtoto wa mwaloni anaangukia Sheria ya Mtoto ya 2009 na afisa ustawi wa jamii. Mzee asiye na ndugu ana makazi ya wazee, kama yale ya Ipuli huko Tabora. Pima mlolongo wote, vinginevyo utamhukumu asiyehusika.

Jambo jingine, usiende usiku ukiongozana na mgambo. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya uzururaji, na watu hawa wanavifahamu kuliko mimi na wewe. Ukiwatokea na tochi na daftari pamoja na mtu mwenye kirungu, utahesabu baraza tupu. Nenda na mama lishe anayewauzia uji alfajiri.

Mkazi wa Mwanga:

Shikamooni wazee wangu. Nimekubali kupima mlolongo wote, na mama lishe nimeshampata. Bado nina shaka moja. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na vijana wengi waliondoka Kibirizi. Kipindi kama hicho kikitokea katikati ya kazi yangu, idadi itashuka bila mpango wowote kufanya lolote, na nimeanza kuogopa kwamba kuna atakayeishangilia.

Mtakwimu Mstaafu, Tabora:

Marahaba. Ogopa hivyo hivyo. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka mwingine, ziwa likiwa katika hali ileile, na matokeo ya mwaloni yaandike peke yake bila kuyachanganya na ya stesheni. Waliotoweka watengee safu yao, usiwaweke pamoja na waliopata makazi, hata ukiombwa. Kijana aliyepanda treni kuondoka Kigoma hajapata nyumba kwa sababu tu humwoni. Nitumie alama zako, huenda nikamkuta hapa Tabora, kwenye benchi la stesheni.