Zawadi ya pesa kutoka kwa ndugu: inaingia kwenye ritani ya kodi ya mapato?

Mleta uzi
Wakuu, naomba ushauri. Mjomba anayeishi nchi nyingine anataka kunitumia pesa nyingi kwa mkupuo. Ni zawadi, hakuna cha kurudisha. Nina biashara ndogo na ritani hujaza kila mwaka. Je, nizijaze kama mapato? Kodi ni yangu au yake? Na akituma kidogo kidogo, kuna nafuu?

Daftari_Safi
Mkuu, usianze na kiasi, anza na sababu. Mamlaka ya kodi haijali mmeziitaje pesa hizo. Inauliza zimetolewa kwa ajili ya nini. Kama mtoaji halipii kazi, bidhaa wala fadhila, katika nchi nyingi hiyo si sehemu ya mapato yako.

Wengi hujikwaa hapo. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Duberstein, mfanyabiashara aliyempa mwenzake majina ya wateja, kisha mwenzake huyo akampa gari la Cadillac. Hakulidai, wala hapakuwa na mkataba. Hata hivyo lilihesabiwa kuwa mapato yake, kwa sababu lilikuwa malipo ya msaada uliopita au kishawishi cha msaada ujao. Kwa mantiki hiyohiyo, bahashishi ni mapato. Na zile "zawadi" ambazo watazamaji huwatumia wanaorusha matangazo mubashara? Nazo ni mapato, usidanganywe na jina. Ya mwajiri ndiyo ngumu zaidi: ukipewa bahasha na bosi, chukulia kuwa ni mshahara mpaka sheria ya kwenu iseme vinginevyo.

Mizani
Kuhusu nani anabeba kodi, nchi hazifanani, kwa hiyo soma sheria ya pande zote mbili, kwako na kwa mjomba.

Marekani mzigo uko kwa mtoaji. Kwa 2025 anaweza kumpa kila mtu hadi dola 19,000 bila kuripoti. Akizidisha anajaza fomu 709, na mara nyingi halipi kitu, kiasi kilichozidi kinapunguza tu msamaha wake wa maisha, yaani jumla anayoruhusiwa kutoa bila kodi katika maisha yake yote. Uingereza mpokeaji hatozwi kodi ya mapato, lakini mtoaji akifariki ndani ya miaka 7 zawadi inaweza kuingizwa kwenye hesabu ya kodi ya mirathi.

India ni kinyume, anayeangaliwa ni mpokeaji. Zawadi za pesa kutoka kwa wasio ndugu zikipita rupia 50,000 kwa mwaka, inatozwa jumla yote, si ile ziada. Na "ndugu" ni wale waliotajwa na sheria: mjomba yumo, binamu hayumo. Rupia 60,000 za mjomba hazina kodi. Za binamu zinatozwa zote 60,000, isipokuwa kama ni zawadi ya harusi yako.

Kutuma kidogo kidogo hakusaidii, viwango hivi huhesabiwa kwa jumla ya mwaka. Tena vipandevipande vinavyofuatana ndivyo vinavyoamsha maswali ya benki.

Mleta uzi
Nimeelewa. Kwa hiyo kama hakuna kodi, nikae kimya tu?

Mizani
Hapana! Kutotozwa na kutoripoti ni mambo mawili. Mkazi wa Marekani akipokea zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu asiye mkazi wala raia wa huko, hadaiwi kodi, ila lazima ajaze fomu 3520. Asipojaza, faini ni asilimia 5 ya zawadi kwa kila mwezi, hadi asilimia 25. Angalia kama kwenu kuna fomu ya namna hiyo.

Hati_Kwanza
Ushahidi uandaliwe kabla pesa hazijatumwa. Mjomba aandike barua: majina kamili ya wote wawili, undugu wenu, kiasi, tarehe, na sentensi inayosema wazi kwamba ni zawadi, hairudishwi wala si malipo ya chochote. Atie saini. Atume kwa benki kutoka akaunti yenye jina lake, na kwenye maelezo ya muamala aandike "zawadi". Wewe tunza barua, risiti ya kutuma na taarifa ya benki pamoja. Omba pia karatasi inayoonyesha yeye alizipata wapi, kwa mfano hati ya mauzo ya kiwanja, maana mkaguzi akitilia shaka, mwenye kazi ya kuthibitisha ni wewe.

Na tafadhali, zisipite akaunti ya biashara. Mkaguzi hulinganisha pesa zilizoingia benki na mauzo uliyotangaza. Tofauti isiyo na maelezo huihesabu kuwa mauzo yaliyofichwa.

Mleta uzi
Nikiziweka akaunti ya muda maalumu?

Daftari_Safi
Zawadi inabaki zawadi, riba yake ni mapato yako na inaingia kwenye ritani. Pango unalolipwa na mpangaji au gawio ni vilevile. Ukiamua kumgawia mtoto mdogo, chunguza kwanza: Uingereza, pesa za mzazi zikimzalishia mtoto riba inayozidi pauni 100 kwa mwaka, riba yote huhesabiwa kuwa ya mzazi.

Hati_Kwanza
Na baadaye ukizipeleka kwenye biashara, zitoe kwenye akaunti yako binafsi uziingize vitabuni kama mtaji wa mwenye biashara. Zisiandikwe kwenye mauzo.