Peugeot 504 ya 1978: nikate bima kubwa au nibaki na ndogo? Naombeni ushauri

Mkirua:
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi naomba wenye uzoefu mnisaidie. Marehemu mzee wangu alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1978, saluni, rangi ya maziwa, gia iko kwenye usukani. Alilinunua mkononi kwa mtu mwaka 1985 kwa pesa ya kahawa, na ndilo lililotupeleka sote shule na ndilo lililomleta mama hospitali Moshi usiku wa kuzaliwa mdogo wangu. Mzee alipenda kutuambia kuwa limetoka kiwandani mwaka uleule Jean-Pierre Nicolas aliposhinda Safari Rally na 504, ingawa ile ya Nicolas ilikuwa kupe (ya milango miwili) ya V6 na hili letu ni la silinda nne la kawaida. Alipoanza kuumwa gari likakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba miaka tisa, kuku wanatagia siti ya nyuma.

Mwaka juzi nikaamua kulifufua. Injini imefunguliwa yote, bodi imekwanguliwa mpaka bati, sakafu imechomelewa upya, waya za umeme zimepigwa mpya zote, siti zimeshonwa. Risiti zote nimeweka kwenye faili na mpaka leo ni milioni 14 na laki 3, hapo sijahesabu nauli za kwenda Nairobi kufuata spea. Sasa hivi linawaka kwa mara moja. Natoka nalo Jumapili kumpeleka mama kanisani, na harusi za ukoo, basi, kazini naenda na gari nyingine.

Tatizo ni bima. Mpaka sasa nina bima ndogo ya 118,000, ile ya mtu wa tatu inayolipa tu watu nitakaowagonga. Nimezunguka ofisi tatu kuulizia bima kubwa, inayolipa na gari langu mwenyewe. Ya kwanza wakasema gari likipita miaka 15 hawagusi, hata kutoka nje kuliangalia hawakutoka. Ya pili walikubali ila wanaandika thamani milioni 3, eti ndiyo bei ya 504 wanayoijua wao. Ya tatu wakala akaniambia wewe andika milioni 20 ukitaka, lipia tu, stika inatoka leo leo. Huyo wa tatu ndiye aliyenipa wasiwasi kuliko wote.

Nimfuate nani? Au nibaki na ndogo nimuombe Mungu? Nawasilisha.

DadaWaBima:
Pole kwa mzee kaka, na hongera kwa kazi uliyofanya. Nipo kwenye kazi ya udalali wa bima Dar mwaka wa 11 huu, na wasiwasi wako juu ya yule wa tatu ni wa haki kabisa.

Iko hivi. Bima kubwa ya kawaida inakulipa thamani ya gari sokoni siku ya hasara. Ile namba uliyoandika kwenye fomu ni kikomo tu. Ukiandika milioni 20 watakukata ada ya milioni 20 kila mwaka bila mtu kukuuliza, halafu siku gari limeteketea ndio mkaguzi anakuja anasema 504 ya 1978 sokoni ni milioni 4, na unapewa hiyo 4. Ada uliyolipa zaidi haina wa kukurudishia. Wakala ameshachukua kamisheni yake na pengine hata yupo kampuni nyingine.

Yule wa pili naye ana hatari yake ambayo watu wengi hawaijui. Tuseme kweli gari lako lina thamani ya milioni 15 na wewe umekubali kuandika 3 ili ada iwe ndogo. Ukigongwa ubavuni ukapata hasara ya milioni 2, mikataba mingi ina kifungu cha kukata bima pungufu, wanasema huyu amekata bima ya moja ya tano tu ya gari lake, basi na hasara tunalipa moja ya tano, unapewa laki 4. Na bado hawajatoa ile sehemu ya kwanza unayobeba mwenyewe kila ukidai. Watu wanalia ofisini kwetu kwa sababu ya hiki kifungu na kilikuwepo kwenye karatasi siku zote.

Unachotakiwa kutafuta ni thamani ya makubaliano. Yaani wewe na kampuni mnakubaliana kabla, gari likipotea au likiungua lote mnalipana kiasi fulani, hakuna kubishana soko. Iandikwe kwenye jedwali la mkataba wenyewe kwa maneno hayo, isibaki mdomoni mwa wakala wala kwenye meseji ya WhatsApp. Siyo kila kampuni inakubali, na kaunta ya chini hawana mamlaka hayo, kwa hiyo pitia dalali apeleke makao makuu kwa wanaoamua kupokea hatari. Peleka ripoti ya mthamini anayekubalika na kampuni yenyewe, picha za kila upande, picha za wakati wa ukarabati zikionyesha bati likiwa tupu, na hilo faili la risiti. Lakini kaka nikuambie ukweli usije ukaumia: milioni 14.3 ni gharama, siyo lazima iwe thamani. Mthamini anaweza kusema 10, anaweza kusema 12.

Kwa hesabu ya haraka, kwa asilimia 3.5 ya milioni 12 ni 420,000, ongeza VAT 75,600, jumla 495,600 kwa mwaka. Kwa gari la zamani wanaweza kupandisha kidogo.

Kibokoni:
Salaam. Mie niko Mombasa na nina Volkswagen Beetle ya 1971, nasema lililonikuta ili mwenzangu asipite njia hiyo. Miaka minne nyuma nilikata komprihensivu, hiyo bima kubwa, kwa laki sita za Kenya. Mthamini alikuja, akapiga picha, akaandika laki sita, nikaona mambo sawa. Gari likaja kugongwa na lori nyuma pale Changamwe, likaandikwa limekwisha, yaani halifai kutengenezwa. Kampuni ikatuma asesa wake mwengine kabisa, huyu akasema bei ya soko siku ile ni laki mbili na themanini. Nikawaambia lakini nyinyi wenyewe mlipokea ripoti ya laki sita na mkachukua pesa kwa laki sita! Wakanionyesha mstari mmoja kwenye mkataba wa bima, thamani ya soko wakati wa hasara. Nilizozana nao miezi saba, mwisho nikachukua laki tatu unusu nimechoka.

Na kuna jengine lililoniuma zaidi ya pesa. Gari likiandikwa limekwisha na ukalipwa, mabaki ni yao. Injini yangu, taa zangu za asili, milango iliyokuwa mizima, vyote vikaenda yadi kwa mnada. Ilinibidi niende nikainunue tena maiti ya gari langu mwenyewe nikishindana na wauza spea. Kwa hivyo ndugu yangu kabla hujatia saini uliza, gari likiisha mie nina haki ya kwanza ya kubaki na mabaki, na mtakata kiasi gani? Nao waandike.

FundiUngaLtd:
Mimi ni fundi Arusha, hizi 504 nimezishika toka nikiwa saidia fundi, na ningeomba wote mnaosema thamani muongelee na spea. Gari likigongwa kidogo tu mbele, taa moja ile ya pembe pembe ukiipata nzima ya asili ni bahati, kioo cha mbele unaweza kutafuta miezi miwili, watu wanafuata Nairobi kwa sababu Kenya waliendelea kuunganisha 504 mpaka 2004 kwa hiyo mabaki bado yapo kule. Sasa kampuni ya bima ina orodha yake ya gereji na gereji zile zinajua Toyota. Nimeshaona gari la mteja wangu limepelekwa huko wakafunga taa za mduara za kuchonga wakakatia bodi na gurudumu la kukatia, gari la watu lililonyooka likaharibiwa na wao wanasema limetengenezwa. Uliza kama unaruhusiwa kuchagua gereji yako. Na kioo cha mbele kina kikomo chake peke yake kwenye bima, uliza ni shilingi ngapi, cha 504 ukikipata na kusafirisha kinaweza kupita hicho kikomo.

Lingine ni kutu na uchakavu. Hakuna bima inayolipa. Ukisema sakafu imetoboka au gear boksi imekufa yenyewe hiyo ni juu yako na mfuko wako.

Nakuuliza swali kaka, fundi wako anapolijaribu barabarani anaendesha nani? Kama bima imeandikwa wewe tu na mkeo, fundi akiligonga mna kesi ngumu.

Mzee wa Sabasaba:
Vijana mimi natofautiana na nyinyi kwa heshima. Nina Land Rover 109 toka 1982 na sijawahi kukata bima kubwa. Bima ndogo ni ya lazima kisheria, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hiyo lipa na stika uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, maana matapeli wapo. Lakini hiyo laki tano kila mwaka weka benki kwenye akaunti ya gari. Miaka mitano una milioni mbili na nusu zako, gari likigongwa unatengeneza kwa fundi wako unayemtaka, humuombi mtu. Gari lenyewe linatoka Jumapili tu, kilomita elfu moja kwa mwaka hazifiki. Mimi akaunti yangu ndiyo iliyobadilisha gear boksi nzima, na bima isingelipa hiyo kama fundi alivyosema.

DadaWaBima:
Shikamoo mzee. Hoja yako ina nguvu kwa ajali ndogo ndogo, hapo nakubali. Ila mwaka wa kwanza akaunti ina laki tano, na moto hausubiri mwaka wa tano. Gari la karbureta, mpira wa mafuta ukichanika juu ya injini ya moto dakika kumi linabaki bati. Na wizi pia. Ndiyo maana kuna bima ya katikati ambayo mawakala hawaitaji kwa sababu kamisheni yake ndogo: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Kama kampuni zitakataa kabisa kumpa thamani ya makubaliano kwenye bima kubwa, mimi ningemshauri achukue hiyo kisha afungue na akaunti ya mzee kwa ajili ya mikwaruzo. Hata huko kwenye moto na wizi, ile namba ya thamani bado akubaliane nayo kwa maandishi.

Mzee wa Sabasaba:
Marahaba binti. Hiyo ya moto na wizi kwa kweli sikuwa naijua. Nitaulizia kwa Land Rover.

Mtanga wa Leicester:
Habari zenu. Mimi nipo Uingereza na nina MG ya 1973 hapa, gari la kale la Kiingereza, naona niwaambie wenzetu wanavyofanya ili mkienda kuongea na kampuni muwe na la kulinganisha. Huku kuna bima kabisa ya magari ya kale, na msingi wake ni huohuo anaosema dada, thamani ya makubaliano. Unatuma picha, mara nyingi klabu ya wenye magari ya aina hiyo inakuandikia barua ya thamani, na unaipitia upya kila baada ya muda kwa sababu bei za haya magari zinapanda wakati za kawaida zinashuka. Ada inakuwa ndogo kuliko gari la kila siku maana unakubali masharti: lilale ndani usiku, uwe na gari nyingine ya kuendea kazini, na usipite maili fulani kwa mwaka, mimi nimechukua 3,000. Gari likitimiza miaka 40 serikali inakusamehe kodi ya barabara na hata ule ukaguzi wa kila mwaka kama hujalibadilisha sana, lakini bima hakuna anayekusamehe.

Kwa hiyo Mkirua, ukienda pale usianze na uzee wa gari. Anza na hayo masharti. Sema lipo ndani ya geti, lina banda, Jumapili tu, nina gari nyingine, kilomita ni hizi, picha ya mita hii hapa. Mtu wa bima akisikia hivyo anaona hatari ndogo, akisikia "gari la 1978" peke yake anaona daladala bovu.

Mkirua:
Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mama nimemsomea. Fundi, umenigusa, kijana anayelijaribu barabarani ni fundi wangu na leseni anayo ila kwenye bima hayumo, hilo nitalirekebisha kwanza. Kibokoni pole sana kaka, suala la mabaki nisingelifikiria kamwe, na kwangu hilo ni zito kuliko pesa, usukani ule ndio alioshika baba.

Nimeongea na dalali Arusha leo mchana kwa maneno ya huyu ndugu wa Leicester, banda, Jumapili, gari nyingine. Amesema kuna kampuni moja itasikiliza lakini wanataka mthamini wao alione kwanza. Anakuja Alhamisi. Nimeandaa faili, picha 46, na matangazo matatu ya 504 zinazouzwa Kenya kwa kulinganisha bei.

Swali la mwisho kwa dada. Nina ndoto ya kulipeleka Nairobi kwenye yale maonyesho ya magari ya Ngong, Concours d'Elegance, hata kama halitashika nafasi. Nikivuka mpaka wa Holili kuingia Kenya bima inaendelea?

DadaWaBima:
Unatakiwa kuchukua kadi ya njano ya COMESA (bima ya kuvukia mpaka ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) kabla hujafika mpakani, Tanzania tumo kwenye huo mpango. Lakini kadi ile inalinda watu utakaowagonga huko, gari lako mwenyewe halimo. Kwa hiyo mwambie dalali aombe na nyongeza ya eneo, mkataba useme Kenya imo kwa tarehe hizo. Maonyesho ya kusimama na kukaguliwa kwa kawaida hayana tatizo, ila mashindano ya kukimbiza magari karibu mikataba yote inayatoa, hata yale ya kirafiki ya kupima muda. Akija mthamini Alhamisi mwambie alifungue boneti alione limesafishwa, na ripoti yake uombe nakala siku hiyohiyo.

Kibokoni:
Ukifika Nairobi tuambie tarehe, mie nitapanda na Beetle.