MREJESHO: Dudu la Alien: Isolation kunifuata hadi kabatini

Wakuu, shukrani. Niliuliza kwa nini, kwenye gemu hii ya kutisha, dudu linalomwinda mchezaji linamtoa kabatini alikojificha hata akiwa ametulia tuli. Aliyetaja kamera ya PS4 (mashine ya kuchezea gemu) kapatia. Maikrofoni yake inanasa sauti za chumbani, na gemu inazigeuza kelele za mchezaji. Hapa Kisenyi, Kampala, boda zinapita dirishani na jenereta ya jirani inanguruma. Dudu likiwa karibu linasikia yote. Dawa: ingia kwenye mipangilio, zima utambuzi wa kelele.

Hata hivyo kabati si ngome. Dudu likisogeza uso mlangoni, rudi nyuma ubane pumzi, uachie mara linapoondoka, kwa sababu ukibana mno afya inashuka. Kitambua-mwendo (kifaa cha mchezaji cha kuonyesha vinavyosogea karibu) kiweke chini kabisa, maana mlio wake nao unasikika.

Kuhifadhi gemu ndiko kwenye hatari kubwa: ukichomeka kadi kwenye kituo cha kuhifadhia, taa tatu huwaka moja moja na unaweza kuuawa kabla ya ya tatu. Kituo kikionya kuna adui karibu, subiri kwanza. Ila kwa umeme wetu huu, usipite kituo bila kuhifadhi. Ukikatika, unarudi ulipohifadhi mwisho.