Tessar ya shata "namba 2" au Symmar ya Copal 1: ipi itaingia kwenye ubao wangu?

Mgeni wa Jinja
Habari zenu wakubwa. Nimepata kamera ya mbao ya filamu za inchi 4 kwa 5, isiyo na lenzi ila ubao mdogo wa kuishikia, na nia yangu ni kuwapiga picha wazee wa ukoo wetu watakapokusanyika mwezi wa Desemba. Muuzaji mmoja aliyeko London ana lenzi ya Carl Zeiss Jena Tessar ya sentimita 21, f/4.5 (f ni kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), na kwa maneno yake "shata", yaani kifaa cha kufungua na kufunga mwanga, "ni namba 2". Mwingine ana Schneider Symmar-S ya milimita 210, f/5.6, ndani ya shata ya Copal 1, lakini bei yake inakaribia mara mbili. Moyo wangu uko kwenye Tessar. Je, shata namba 2 ina ukubwa gani, na mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Chumba cha Giza, Kampala
Karibu, ndugu, ingawa umetuuliza kama kiatu kitatosha bila kutuonyesha mguu. Namba 2 ya nani? Kuna Compur namba 2, kuna Ilex namba 2, kuna Supermatic namba 2 ya Kodak, na kila kiwanda kilihesabu kivyake. Kwa kamera kubwa kama yako, namba za Copal tunazokutana nazo ni 0, 1 na 3, kwa hiyo tunachojua hadi sasa ni kwamba hiyo si Copal. Tutajie pia ubao wako ni wa aina gani na, kama umeshatobolewa, tundu lina milimita ngapi.

Mgeni wa Jinja
Niwieni radhi, sikujua kwamba hayo yana maana. Ubao ni wa mtindo wa kamera za Linhof Technika, milimita 96 kwa 99, na nimeukuta na tundu ambalo kwa rula ya mwanangu ni kama milimita 42. Kwenye picha ya muuzaji shata imeandikwa "Compur" na ina kisahani kidogo cha kasi juu ya kioo. Namba siioni popote.

Bi. Kalipa, Entebbe
Kisahani hicho kinatuambia kwamba ni Compur ya zamani, kabla Deckel wa München hawajahamishia kasi kwenye ringi inayozunguka ukingo wa shata. Hizo za kisahani mara nyingi hazikuandikwa namba, na huenda muuzaji amekisia tu. Ubao wako, kwa upande mwingine, unajieleza wenyewe: Copal 0 hutaka tundu la karibu milimita 34.6, Copal 1 hutaka 41.6, na Copal 3 hutaka 65. Tundu lako lilitobolewa kwa ajili ya namba 1, na Symmar itaingia bila kumsumbua fundi.

Sasa gawanya milimita 210 za Tessar kwa 4.5 ya f yake, utapata karibu 47. Hicho ndicho kipenyo cha mwanga ambacho Tessar hiyo inapaswa kuonyesha ukiitazama kwa mbele ikiwa wazi kabisa. Diafragma yenyewe, yaani mlango wa mwanga ulio katikati ya lenzi, huwa ndogo kidogo kuliko hesabu hiyo, lakini Copal 1 hufunguka milimita 30 tu, na siamini kwamba Tessar ya f/4.5 ingeridhika na nafasi hiyo. Kwa vyovyote vile shata yake ni kubwa kuliko tundu lako.

Kerezo
Dada amesema vyema, nami nina kovu la kuthibitisha. Miaka michache iliyopita niliagiza lenzi ya Kimarekani iliyokuwa ndani ya Ilex Acme namba 3. Nilipoiona ile "3" nikakumbuka milimita 65 za Copal, na bila kusubiri mzigo ufike nikaupeleka ubao wangu wa pekee Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, kwa mkerezaji, ambaye alitoboa tundu safi, la mviringo, lisilo na kikwaruzo hata kimoja. Lenzi ilipofika, hesi zake zilikuwa nyembamba kuliko tundu kwa zaidi ya sentimita nzima. Shata ilicheza kama punje ndani ya kibuyu, na ringi ya kubania nilipoishika nyuma ya ubao ilipita tunduni na kuangukia mapajani mwangu.

Fundi mwingine akanichongea pete ya mvule ya kuziba pengo. Ilipendeza sana hadi mvua zilipoanza, ubao ukavimba, pete ikapasuka, na negativu sita za arusi ya shemeji yangu zikatoka na ukungu mweusi upande mmoja. Mwishowe nilikerezewa pete ya alumini, na nilipojumlisha gharama zote nikakuta kwamba ningeweza kununua lenzi iliyokuwa ndani ya Copal na chenji ikabaki.

Mzee wa Kofia, Mbale
Wanangu, mnahangaikia shata ya nini? Pakieni karatasi ya kuchapia picha badala ya filamu. Kasi yake ya kupokea mwanga (ISO) ni kama 6, kwa hiyo kwenye jua letu la mchana, kwa f/45, mtahitaji sekunde moja na kidogo. Vua kofia ya lenzi, hesabu, rudisha. Tessar hiyo hata shata yake ikiwa imekwama bado ni lenzi.

Chumba cha Giza, Kampala
Mzee, kwa heshima zote, hao ni wazee wa ukoo, si jiwe la mpaka. Watakaa kivulini na wajukuu magotini, na f/45 kivulini itakuwa sekunde nyingi. Akifungua hadi f/8 kwa filamu ya ISO 100, kofia haitoshi tena.

Mzee wa Kofia, Mbale
Babu zao walitulia.

Bi. Kalipa, Entebbe
Turudi kwenye vipimo. Kuna jambo ambalo halijatajwa: asikushawishi mtu kuhamisha vioo vya Tessar kwenye shata nyingine kwa sababu tu hesi zimekubali. Umbali kati ya kipande cha mbele na cha nyuma lazima ubaki ule ule, la sivyo ukali wa picha unaharibika, na namba za diafragma hazitakuwa za kweli tena. Halafu mwombe muuzaji arekodi sauti ya shata kwenye sekunde 1. Utasikia meno yakisaga kama saa ya mezani. Yakikwama katikati, grisi ya zamani imeganda.

Mgeni wa Jinja
Nashukuru sana. Muuzaji amejibu leo asubuhi kwa picha, lakini rula ameilaza juu ya kioo cha mbele. Mwenye Symmar naye anasema kuna mteja mwingine ameulizia. Bado Tessar inanivuta.

Kerezo
Mwambie aigeuze lenzi, afungue ringi ya kubania, na apime hesi zenyewe, kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, kama anayo. Na ubao huo ufungie kabatini. Usivuke nao daraja kuja Katwe kabla lenzi haijafika mkononi mwako.