DPF imejaa: nioshe, niagize nyingine au niitoe kabisa? Fundi anataka jibu Jumamosi

Mbezi_Mwisho
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo kabla sijachomoa hela. Gari langu la dizeli limewasha taa ya DPF (kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi), wiki ya pili sasa, na juzi limeongezea taa ya injini. Nikipandisha kile kilima cha Kimara halina nguvu kabisa, bajaji zinanipita na abiria wanageuka kuniangalia.

Nimeenda kwa mafundi watatu, nimerudi na majibu matatu. Wa kwanza anasema tuifungue tuioshe, laki tatu na nusu. Wa pili anasema hiyo imeshakufa, tuagize nyingine Japani, milioni nne na ushee. Wa tatu kanipiga begani: "Bosi, hilo dude ni la wazungu. Tunalitoa, tunafuta kwenye kompyuta, laki nane, unasahau."

Kusema kweli moyo umeshaenda kwa wa tatu. Mliopitia mnasemaje?

spana13
Gari gani? Mwaka gani? Kilomita ngapi? Mashine ilisoma namba gani ya kosa? Linatembea wapi? Oili unaweka ipi? Umeingia hospitali, umesema "naumwa", sasa unauliza bei ya upasuaji.

Kitonga_Juu
Toa mkuu, usizungushwe. Kenta zangu mbili nimetoa, mwaka wa tatu huu, zinapanda Kitonga na tani zake bila kulia. Kuosha ni kumpa fundi hela ya kula.

dada_odometa
@Kitonga_Juu hizo Kenta zako ndizo zinazotuachia wingu jeusi pale Ubungo? Naomba namba za usajili tu, sina ubaya.

Kitonga_Juu
Dada, moshi mweusi ni nozeli mbovu, si DPF. Zangu hazitoi moshi.

spana13
Zinatoa, ila wewe uko mbele ya usukani na moshi uko nyuma.

Mbezi_Mwisho
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni gari la familia la Kijapani, dizeli ya 2.2, otomatiki, la 2013. Aina sitaji maana mtaanza kunicheka. Dashibodi inasoma 148,000. Anayeliendesha zaidi ni mama watoto: nyumbani, shule, soko, nyumbani, kilomita saba hivi kwenda na kurudi. Namba fundi wa pili aliniandikia kwenye boksi la sigara: P2463. Oili ni ile ya dizeli ya kawaida, dumu la lita tano.

spana13
Haya, sasa tunaongea. Nikueleze polepole, maana hata hao mafundi watatu sidhani kama kuna aliyekueleza.

Ndani ya DPF kuna kitu kama sega la nyuki lililozibwa matundu kwa kupishana, hivyo moshi unalazimika kupenya kwenye kuta. Unaacha vitu viwili. Cha kwanza ni masizi, na hayo yanaungua. Gari likitembea safari ndefu, ekzosi ikipata moto wa kutosha, mengine yanaungua yenyewe. Yakizidi, kompyuta inamwaga dizeli ya ziada ili joto ndani ya DPF lifike kama nyuzi 600 na yateketee. Cha pili ni majivu, yanatokana na viungo vya oili ya injini. Hayo hayaungui hata ukiendesha mpaka Cairo. Yanatoka kwa kuoshwa tu.

P2463 maana yake kompyuta inaona masizi yamerundikana. Haisemi DPF imekufa. Na kompyuta haina macho. Inakadiria kwa safari ulizofanya na kwa kasensa kenye vimipira viwili vyembamba, kimoja kinatoka kabla ya DPF na kingine baada yake. Kanapima tofauti ya mgandamizo. Kamipira kakipasuka au kakijaa uchafu, sensa inaiongopea kompyuta, na wewe unauziwa DPF ya milioni nne kwa sababu ya mpira wa elfu ishirini.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi: fungua swichi bila kuwasha injini, mwambie fundi asome mgandamizo wa DPF kwenye mashine. Inatakiwa iwe sifuri au karibu yake. Ikionyesha kitu kikubwa wakati injini imelala, sensa ndiyo mgonjwa wako. Ikiwa sifuri, washa, injini ipate moto, soma tena bila kukanyaga mafuta, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Leta hizo namba hapa, pamoja na kiwango cha masizi ambacho kompyuta inakikadiria. Kale kadude ka OBD, ka kusoma kompyuta ya gari, ka kuunganisha na simu kanaweza kuzisoma ukipata programu inayolielewa gari lako.

Na safari zako ndizo tatizo. Kilomita saba za shule na soko, gari linaanza kuchoma masizi, mama anafika, anazima. Kesho linaanza tena, anazima tena. Ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka kwenye oili. Chomoa kipimio cha oili uangalie. Kama gari ni lile ninalodhani (Mazda ya injini ya Skyactiv-D), kipimio kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo usiendeshe, mwaga.

Mbezi_Mwisho
Umelijua gari. Basi sawa.

Kitonga_Juu
Maelezo mazuri, ila tuwe wakweli. Dawa ya kuunguza masizi tunayoambiwa kila siku ni kulipeleka gari barabara kuu dakika ishirini, spidi 80 mfululizo. Hiyo barabara iko nchi gani? Kibaha mpaka Chalinze kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya kila mwembe kuna afande na tochi. Ukimwambia "afande naunguza masizi" atakuelewa?

MzeeWaMorogoro
😂😂 Juzi nimepigwa tochi Mikese, 58 kwenye 50. Elfu thelathini. Hiyo ni DPF ya serikali.

Kitonga_Juu
Na siku hizi wanapiga picha huku unatumiwa deni kwenye simu. Zamani mlikuwa mnaongea.

dada_odometa
Jamani turudi kwenye uzi. Kwanza si lazima 80. Kinachotakiwa ni injini iwe na mzigo, mizunguko kama 2,000 na kuendelea, bila kusimama simama. Toka saa kumi na moja alfajiri Jumapili, weka gia kwa mkono, usiliachie lipande gia ya juu. Mimi nafanya hivyo kila baada ya wiki mbili na taa sijaiona tangu nilinunue.

Ila yeye taa ya injini imeshawaka. Magari mengi yakifika hapo yanakataa kujisafisha yenyewe, mpaka fundi aamrishe kwa mashine. Na hilo lifanyike nje, pasipo majani makavu wala karai la mtu. Ekzosi inakuwa ya moto kweli.

BabaSauda
Nimesoma kimya kimya lakini kwenye hili la kutoa nitasema.

Nilikuwa na dizeli, jina la kampuni halina umuhimu kwa sababu kosa halikuwa lao. DPF ilijaa, gereji moja (sitaitaja) wakaniambia wanatoa na kufuta kwenye kompyuta. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiangalia. Walikata gamba la DPF kwa grainda, wakapiga lile sega na nondo mpaka likatoka vipande vipande, vumbi jeusi limewajaa mpaka kwenye kope, hakuna aliyevaa hata kitambaa puani. Wakachomelea, wakapaka rangi ya fedha. Kwa nje ukiangalia DPF ipo. Gari likawa jepesi, nikawasifia mpaka nikawaongezea ya soda.

Kumbe kwenye kompyuta hawakufuta chochote. Walizima taa tu. Kompyuta inajua DPF bado ipo, kwa hiyo kila baada ya muda inamwaga ile dizeli ya ziada ili kuchoma masizi yasiyokuwepo. Miezi minne. Mimi kipimio cha oili sikuwa nakigusa, nasubiri kilomita elfu tano.

Siku hiyo natoka Chalinze, nimefika Mlandizi, nikasikia injini inapanda mlio bila mguu kukanyaga. Nikaweka gia huru, ndiyo kwanza ikapiga kelele. Nyuma moshi mweupe, huoni gari. Nikazima swichi. Injini ikaendelea. Nina ufunguo mkononi na injini inaunguruma! Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe kupitia kwenye tabo (turbo). Otomatiki hata hulizimi kwa gia. Dereva wa lori alikuja mbio na gunia, akafungua boneti alizibe bomba la hewa, hakuwahi. Ikapiga kitu kama nyundo kwenye ndoo, kisha kimya. Nilikuwa na Sauda kiti cha nyuma, alikuwa na miaka sita. Mpaka leo hapandi gari langu bila kuuliza kama limepona.

Konrodi moja ilitoka ubavuni mwa bloku. Gereji nilipowarudia walisema mimi ndiye sikubadili oili.

Mbezi_Mwisho
Duh. Pole sana kaka.

MzeeWaMorogoro
Pole mwanangu. Mtoto kutoka salama ndiyo faida.

Kitonga_Juu
Pole kaka, ila hao walikuwa wahuni. Anayejua kazi anafuta kwenye programu ya injini kweli kweli. Usihukumu wote.

BabaSauda
Mkuu, utamjuaje anayejua kazi? Wote wana laptopu na wote wanakuita bosi.

Mswahili_Hamburg
Salamu kutoka baridini. Hapa Ujerumani tangu Julai 2023 gari la dizeli la Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi) likienda ukaguzi linawekewa mpira kwenye ekzosi, chembe zinahesabiwa. Zikizidi 250,000 kwa sentimita moja ya ujazo, umefeli. Uingereza tangu Februari 2014 wakikuta DPF haipo, umefeli pia. Halafu hilo la "dude la wazungu" mwambieni fundi wa tatu asome kidogo. Tokyo walipiga marufuku malori na mabasi ya moshi mchafu Oktoba 2003. Gavana wao Ishihara alikuwa anawatikisia waandishi wa habari chupa ya masizi. Dude la Wajapani hilo, tena mengi ya magari yaliyokimbia sheria za namna hiyo yaliishia bandarini kwetu.

Kitonga_Juu
Hamburg kuna sheria, huku kuna njaa.

dada_odometa
Na kifua kuna huku pia. Moshi wa dizeli Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa saratani, liliuweka daraja la kwanza la visababishi vya saratani tangu Juni 2012. Gari hilo linasimama getini shuleni kila asubuhi, injini inaunguruma, watoto wanapita usawa wa ekzosi. Mimi sisemi zaidi.

Dereva_Nakonde
Nyie mna DPF tu mnalia. Sisi wa malori ya Ulaya tuna na AdBlue, ile dawa ya kunyunyizia kwenye ekzosi kupunguza gesi chafu. Bosi wangu mmoja aliona bei ya AdBlue, akasema si urea tu? Akanunua mfuko wa mbolea ya mahindi, akakoroga kwenye pipa na maji ya kisima, akapima kwa macho. AdBlue inatakiwa urea asilimia 32.5, safi, na maji yaliyoondolewa madini. Hatukufika Makambako. Pua ya kunyunyizia imeota chumvi nyeupe kama magadi, pampu imeganda, lori limejifunga nguvu tunatambaa. Mahindi ya Makambako nayo yalikuwa yamestawi kweli mwaka huo, tukawa tunayatazama tu.

MzeeWaMorogoro
Angeimwaga shambani ingemlipa 😂

spana13
Mbezi_Mwisho, swali la oili umelipita. "Ya dizeli ya kawaida" ndiyo inayojaza majivu. Gari lenye DPF linataka oili yenye majivu kidogo. Kwenye dumu tafuta DL-1 kwa dizeli ndogo za Kijapani, au C3 kwa za Ulaya kama kitabu cha gari kinaruhusu. DH-2 ni ya malori. Kama miaka miwili umeweka dumu lolote, basi kuosha kunaweza kuwa jibu, lakini kuosha kwa kufungua na kuiweka kwenye mashine yake. Akikuletea ile pampu ya kuoshea magari, mkatalie, sega linapasuka.

MzeeWaMorogoro
Na mafuta ya kwenye vidumu barabarani je? Tangu 2015 Afrika Mashariki tulikubaliana dizeli ya salfa isiyozidi 50 kwa milioni, zamani ilikuwa hadi 500. Lakini ya kidumu haina vinasaba wala baba, humo unaweza kukuta mafuta ya taa.

Mbezi_Mwisho
Vidumu situmii mzee. Nimechomoa kipimio sasa hivi kwa tochi ya simu. Oili imepita alama ya kujaa na inanuka dizeli. Kufika X bado kidole kimoja hivi. Namba za sensa sijapata, mwenye mashine yuko msibani Tanga mpaka Jumatatu.

Halafu fundi wa tatu kanipigia mwenyewe bila mimi kumtafuta. Ameshuka mpaka laki tano, sharti moja, DPF ya zamani anabaki nayo.

spana13
Umeona? Ndani ya hilo sega kuna platinamu na paladiamu, kuna watu wanayanunua kwa kilo. Anakulipisha ili umpe mali yako. Badili oili kesho asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Na mama watoto apande daladala mpaka Jumatatu.

Mbezi_Mwisho
Hilo la daladala utamwambia wewe mkuu. Yeye anasema tuuze tununue la petroli.

Dereva_Nakonde
Petroli na foleni ya Kimara mtalia kwenye pampu.

Kitonga_Juu
Kwani mkiuza mnauza bei gani? Nitumie picha za ndani. Taa usihangaike nazo.